Namna ya Kusomea Sanaa na Ufundi wa Mikono katika Chuo Kidogo cha Mombasa

Ukitaka kusomea uchoraji, uchongaji, ufinyanzi au utiaji rangi wa vitambaa katika chuo kidogo cha Mombasa, ingia karakana kwanza kabla ya kuingia ofisi ya msajili. Nenda siku ya kazi, mnamo saa nne asubuhi, uombe ruhusa ya kukaa pembeni kwa nusu saa, kisha uyatazame mambo ambayo hayaandikwi katika matangazo: kama patasi zimenolewa au zimeota kutu, kama tanuri lina joto la juzi au limegeuzwa stoo ya viti vibovu, na kama kazi zilizotundikwa ukutani ni za wanafunzi wa mwaka huu au ni zile zile zinazowalaki wageni tangu zamani. Hesabu mabenchi, hesabu na vichwa. Benchi moja likigawanywa na watu wanne, robo tatu ya ada utakayolipa itakuwa ada ya kutazama wenzako.

Uliza pia karakana hufunguliwa saa ngapi nje ya vipindi. Kwa maoni yangu swali hili linazidi mengine yote uzito, kwa sababu chuo kikubwa kinaweza kumpa mwanafunzi maktaba na jina, lakini chuo kidogo kina kitu kimoja tu cha kumpa, nacho ni mwalimu anayeujua mkono wa mwanafunzi wake kiasi cha kuona kwamba kosa la leo ni lile lile la Jumanne. Mwalimu huyo hana faida ikiwa mlango una kufuli kuanzia saa nane mchana.

Habari za usajili ni fupi. Chuo cha ufundi nchini Kenya hutakiwa kuwa na leseni ya TVETA, mamlaka ya kusimamia mafunzo ya ufundi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Omba kuiona leseni hiyo, na ukizungushwa kwa maneno, jibu umekwisha kulipata. Ulizia vilevile ni nani anayetahini, maana cheti cha KNEC (baraza la mitihani la taifa), cha CDACC (baraza la mitaala na tathmini ya mafunzo ya ufundi) na majaribio ya ufundi ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) si kitu kimoja.

Muhula wa kwanza usikimbilie kuchagua fani. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya Uingereza na Marekani, alianza na michoro ya kibiashara, akaenda Uingereza mwaka 1971 kuiendeleza, na huko ndiko alikogeukia udongo. Jaribu kila benchi lililopo, hata lile usilolipenda.

Fani yoyote utakayoishia, kuchora hakukwepeki. Nunua daftari lenye jalada gumu, ujaze ukurasa mmoja kila siku, na asubuhi za Jumamosi ulipeleke Mji wa Kale, Barabara ya Ndia Kuu na vichochoro vyake, wakati jua linapopiga ubavuni na kuonyesha kina cha nakshi za milango. Usijaribu kuchora mlango mzima. Kadiria upana wa miimo, yaani nguzo za pembeni, na wa mfaa, ubao wa katikati, uandike vipimo hivyo, halafu uchore kipande kimoja tu cha nakshi inayojirudia, iwe waridi au mnyororo, ukionyesha mahali kinapoanza upya na jinsi fundi alivyopita kwenye kona, kwa kuwa konani ndiko ustadi au uzembe unakojitokeza. Ukirudi nyumbani, kunjua leso yoyote ya mama utazame pindo lake linavyopinda pembeni. Ni mtihani ule ule. Kumbuka tu kwamba mlango ule ni wa nyumba ya watu: piga hodi, amkia, uombe ruhusa kabla ya kufungua daftari.

Katika uchongaji, jambo la kwanza ni mti wenyewe. Muhugu na mpingo, miti iliyojenga jina la wachongaji wa Kenya, imekatwa kupita kiasi, na kwa kuwa hukua polepole sana, sioni kwa nini mwanagenzi aiharibu kwa mazoezi. Jifunzie kwa mwarubaini au mwembe, ambayo Pwani imejaa tele: mwarubaini ni mgumu na nyuzi zake hupishana, hivyo hukufunza subira, lakini wadudu hawaupendi, mwembe ni laini zaidi, ila ukiachwa mbichi huota kuvu na kutobolewa. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na mbao huvuta na kutoa maji hadi zilingane na hewa iliyozizunguka, ndiyo maana kinyago kilichokaa salama Likoni kinaweza kupasuka kikifika Nairobi, sembuse katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto. Paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili za gogo, kwa sababu hapo ndipo maji hutokea haraka. Liinue kutoka sakafuni, uliweke kivulini, na ulipime uzito kila mwezi hadi uzito uache kushuka. Epuka kuuacha moyo wa gogo ndani ya kazi. Patasi zako zinoe kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, na jioni uzipanguse kwa mafuta ya cherehani, kwani hewa ya bahari haingoji wiki.

Udongo nao una mtego wake wa hapa. Nilipokuwa mwanafunzi nilijichimbia udongo karibu na ufuo ili niokoe pesa, nikafinyanga vikombe sita, nikavichoma, vikatoka tanurini vyekundu vya kupendeza. Wiki ya pili, vikiwa rafuni bila kuguswa na mtu, vilianza kubanduka vipande mfano wa sarafu, na katikati ya kila kishimo palikuwa na chembe nyeupe. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na chembe ya tumbawe au ya kombe ikichomwa kupita nyuzi 850 hivi za selsiasi hugeuka chokaa isiyozimwa, ambayo hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kupasua ukuta wa chombo. Wachomaji chokaa waliozijengea nyumba za mawe za Mji wa Kale waliitumia tabia hiyo kwa faida. Mimi iliniramba vikombe sita. Siku hizi nikipata udongo nisioujua, huudondoshea siki: ukitoa mapovu, una chokaa. Uloweke hadi uwe uji, uupitishe kwenye chekecheke laini, ujaribu tena, na mapovu yakiendelea uuache.

Kila udongo mpya uupime pia kunywea kwake. Tengeneza kibao, uchore mstari wa sentimita 10, ukikaushe na kukichoma. Mstari ukirudi na sentimita 9, umejua kwamba kikombe cha kimo cha sentimita 9 hufinyangwa kwa sentimita 10. Vyombo vikaushe chini ya mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa, maana upepo wa bahari hukausha midomo kabla ya matako, na hapo nyufa huanza. Kabla ya kuchoma, gusisha chombo shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji, na maji hayo yakigeuka mvuke tanurini yatakipasua pamoja na vya wenzako. Vumbi la udongo kavu huharibu mapafu, kwa hiyo sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu.

Kuhusu batiki nitasema moja tu: fua kitambaa kipya kwa maji moto na sabuni kabla ya kukitia nta, kwani wanga wa kiwandani huzuia rangi kuingia.

Likizo zitumie nje ya chuo. Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanzishwa mwaka 1963, na Bombolulu kuna karakana zilizoanza mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi na mbao. Usifike na swali la bei. Salimu, kaa, ukipewa msasa piga msasa, na utazame jinsi fundi anavyoishika kazi wakati mkono mwingine unakata.

Mwisho, weka daftari la pili, la hesabu. Kila kazi iandikie malighafi, tarehe, picha na saa ulizotumia. Tuseme bakuli limekula mbao za shilingi 300, msasa na polishi ya 100, na saa sita ambazo umezithamini kwa shilingi 150 kila moja: limekugharimu shilingi 1,300, na mwenye duka akikupa 800 unajua umepoteza 500. Kabla ya kumlaumu, fungua ukurasa ule utazame saa sita zilikwenda wapi. Nne kati yake zikiwa za msasa, patasi ilikuwa butu.