Namna ya Kuutambua Mgagani na Kuutumia

Mgagani ni miongoni mwa mimea inayowahi kuchipua mvua zinapoanza, kando ya mashamba, majalalani na hasa kwenye mazizi yaliyohamwa, kwa kuwa hupenda udongo wenye samadi. Wataalamu huuita Gynandropsis gynandra; Waluo huuita dek, Wakisii chinsaga, na Waganda ejjobyo.

Anza kuutambua kwa ua. Lina petali nne nyeupe, pengine zenye wekundu wa mbali, na katikati huchomoza kijiti chembamba kinachozibeba stameni (vijiuzi vyenye chavua) sita za zambarau mbali kabisa na petali, hata ua likafanana na buibui aliyenyoosha miguu. Ukikuta maua ya manjano, huyo ni ndugu yake tu. Kisha tazama jani: kwa kawaida limegawanyika vijani vitano vinavyotoka mahali pamoja kama vidole vya kiganja. Wapo wanaolidhania bangi, ilhali kingo zake hazina meno makubwa ya msumeno. Shina lina malaika, yaani vinyweleo laini, yanayonata kidogo, na jani likifikichwa hutoa harufu kali. Vijani hugeuka kulifuata jua, na bila shaka ndiyo maana mmea huu huitwa pia mkabilishemsi, yaani wenye kulikabili jua.

Kwa mboga, chuma majani machanga kabla mmea haujachanua, kwani baada ya hapo uchungu huzidi. Ukivikata vitumba vya maua mapema, mmea utaendelea kutoa majani kwa muda mrefu zaidi. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha pika tena kwa maziwa, na ukiweza kiache chungu hadi kesho yake, maana mgagani uliolala una ladha ambayo ule wa siku hiyohiyo hauifikii. Wakisii humpa mzazi aliyetoka kujifungua. Majani yaliyochemshwa na kuanikwa huwa akiba ya kiangazi.

Wengine hukamua majani na kutia maji yake sikioni panapouma. Nalitaja hilo kama desturi, wala silipendekezi, kwa sababu sikio ambalo ngoma yake imetoboka laweza kudhurika.

Ukitaka mbegu, vuna maganda yake marefu yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kuzimwaga. Zihifadhi pakavu kwa miezi kadhaa kabla ya kupanda, kwa kuwa mbegu zilizovunwa karibuni huota kwa shida.