Somo: Kuitafuta neva ya peronia kwa kidole

Wanafunzi wengi wa utabibu wanaokuja Mtwara kwa mafunzo ya vitendo neva hii, mshipa wa fahamu unaosaidia kuinua wayo, wanaijua kwa kukariri: L4 hadi S2, yaani namba za mizizi yake kwenye uti wa mgongo, basi. Mwambie aionyeshe kwenye mguu wa mgonjwa, mkono unaanza kutangatanga. Kitabuni imepakwa rangi ya njano. Mguuni hakuna aliyeipaka. Leo tunaitafuta kwa kidole, maana mahali unapoigusa ndipo mara nyingi inapoumia.

Hatua ya 1. Kaa kwenye kiti, goti limekunjwa, wayo wote sakafuni. Pitisha vidole upande wa nje wa goti, kisha shuka kidogo. Utakutana na nundu ngumu. Hicho ni kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi.

Hatua ya 2. Vuta kisigino nyuma kama unayekwangua sakafu. Kano nene itasimama nyuma ya goti, upande wa nje, ikiielekea ile nundu. Neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka nyuma ya paja, ikifika juu kidogo ya goti hugawanyika: tawi la tibia hushuka katikati, na hili letu hufuata ukingo wa ndani wa kano hiyo.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Toka kwenye nundu, teremka kama upana wa kidole, uende nyuma kidogo. Hiyo ni shingo ya fibula. Bonyeza kwa upole huku ukisogeza kidole mbele na nyuma. Kitu kama uzi mnene kitateleza chini yake, na wengine huhisi cheche hadi juu ya wayo. Pima miguu yote miwili ulinganishe. Neva imeuzunguka mfupa, juu yake ngozi na mafuta kidogo tu. Ndiyo maana hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) lililobana, kukunja nne muda mrefu au teke la mpira huweza kuilemaza. Kwa huku kwetu ongeza kuchuchumaa mchana kutwa ukiokota korosho. Usisahau na ukoma: ukikuta neva imenenepa, na mtu ana baka lisilo na hisia, mpeleke kituo cha afya. Dawa ni bure.

Hatua ya 4. Hapo shingoni neva inatoa matawi mawili. La ndani linaendesha misuli ya mbele ya muundi inayoinua wayo na vidole, lakini ngozi yake ni sehemu ndogo tu kati ya kidole gumba na cha pili. La juujuu linageuza wayo upande wa nje na kuhisi karibu ngozi yote iliyobaki juu ya wayo. Kwa hiyo mgonjwa atembee kwa visigino, ainue kidole gumba ukimzuia, kisha mguse kwa pamba sehemu hizo mbili.

MASWALI

Swali (Newala): Mwalimu, shikamoo. Shemeji yangu katoka shambani, wayo unaburuta, anainua goti juu kama anavuka dimbwi. Tumchue kwa dawa ya moto?

Marahaba. Msimchue hapo shingoni, neva imeshabanwa vya kutosha. Aache kuchuchumaa, apimwe hospitali, na ikibidi apewe kifaa cha kushikilia wayo. Ikiwa ni kubanwa tu, wengi hupona kwa wiki au miezi. Ila kama miguu yote imelegea au mkojo unamsumbua, hilo ni jambo jingine, aende sasa hivi.

Swali (Lindi mjini): Nitajuaje tatizo liko gotini au mgongoni, kwenye L5? Wote wayo unaanguka.

Swali zuri. Mwambie ageuze wayo kwa ndani, kuelekea mguu mwingine. Msuli mkuu wa kazi hiyo unatumia L5 lakini unapitia neva ya tibia. Msuli huo ukiwa na nguvu kamili, shuku gotini. Ukiwa dhaifu, panda juu: kagua nyonga na mgongo.

Swali (Masasi): Mwanangu kafungwa hogo juzi, leo vidole haviinuki na anasema ganzi. Kliniki yake wiki ijayo.

Dada, usisubiri kliniki. Mrudishe leo hii, hata kama ni usiku, hogo lipasuliwe na mguu ukaguliwe. Wakikuambia rudi kesho, omba daktari wa zamu amwone.