Kutoa damu kwenye poti bila kumuumiza mgonjwa wala kuiharibu

Wenzangu wa wodini, kabla ya yote kumbukeni mrija wa poti (kile kikopo kidogo kilichopandikizwa chini ya ngozi, cha kupitishia dawa na kutolea damu) unaishia kwenye mshipa mkubwa karibu kabisa na moyo, kwa hiyo vijidudu ukiviingiza pale vimeshafika kwenye damu, ndo maana usafi hapa haulegezwi hata kama foleni ni ndefu. Dripu zote zinazopita kwenye poti zisimamishe kwanza. Nawa mikono, vaa maski, mgonjwa naye avae au ageuze uso pembeni, glavu ziwe zile tasa. Sugua ngozi kwa klohexidini yenye spiriti sekunde 30 halafu iache ikauke yenyewe, usiifute wala kuipepea.

Sindano ni Huber tu, ile maalumu ya poti, ya kawaida inamega mpira wa poti na mwisho inavuja. Ibane poti kwa vidole isiteleze, mwambie mgonjwa avute pumzi, choma wima mpaka usikie imegota chini, basi, usikandamize tena.

Vuta kidogo uone damu. Ikija, sukuma salaini ml 10, na sirinji yako isiwe chini ya ml 10 maana zile ndogo presha yake ni kali inaweza kupasua mrija. Kisha vuta ml 5 mpaka 10 za kwanza umwage, hiyo ina salaini na mabaki ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ukiipeleka maabara majibu hayatakuwa ya kweli hasa vipimo vya kuganda kwa damu. Badilisha sirinji, vuta sampuli, bandika jina palepale kitandani.

Sasa damu ikigoma, na hutokea sana, tafadhali usilazimishe. Mwambie akohoe, ainue mkono, ageuze shingo, akae au alale, mara nyingi inakuja. Isipokuja acha, usiweke dawa yoyote humo, muite daktari, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mrija. Na akisema panawaka au ukiona panavimba pembeni ya sindano simama hapohapo, mgonjwa anajua mwili wake msikilize.

Ukimaliza pitisha salaini ml 20 kwa kusukuma na kusita, sukuma na kusita, damu isibaki humo, halafu heparini kama utaratibu wenu unavyosema, klempu, kile kibanio cha mrija wa sindano, uifunge huku bado unasukuma ile tone ya mwisho. Toa sindano umeshikilia poti, gandamiza kidogo kwa gozi, funika.