Bunduki ya upepo ya springi kwa sungura: ilainishe kwanza, habari za nguvu baadaye

Mtu akishika bunduki ya upepo ya zamani swali la kwanza huwa ni lilelile, ina nguvu kiasi gani, na hapo ndipo anapoanza kupotea, maana bunduki ya springi haiui sungura kwa nguvu, inaua kwa kugonga palepale ulipolenga kila mara, na ili igonge palepale lazima iwe laini, itulie, isilie wala isiruke mkononi. Haya ninayoandika ni ya Uingereza, kwa wabongo na wakenya tunaoishi huku ambao tumepata ruhusa ya kuwinda kwenye mashamba ya watu. Kama uko Kenya soma kwa kujifunza tu, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 na bunduki ya upepo inahesabika silaha kisheria. Tanzania nako kuwinda mnyama pori kunataka kibali, usije ukasema nilikutuma.

Mfano wangu utakuwa Weihrauch HW35 kwa sababu naipenda na ninaijua. Ni ya Mjerumani, inatengenezwa Mellrichstadt kule Bavaria, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ni ya kukunja mtutu. Pembeni ya mtutu pana kilachi kidogo, unakifungua kwa dole gumba ndio mtutu unakubali kukunjika. Nzito kidogo, kilo tatu na nusu na ushee, chuma kitupu na mbao. Na triga yake, wanaiita Rekord, mpaka leo triga nyingi za bunduki za bei mbaya haziigusi. Ukiwa na HW80 au HW77, ndugu zake wa Weihrauch, mengi ya hapa yanakuhusu pia. BSA na Diana za zamani, za viwanda vingine, kanuni ni ileile, ila kufungua kwake ni tofauti na nitasema kwa nini.

Kwanza elewa kinachotokea ndani. Ukikoki, springi inajibana nyuma ya pistoni. Ukivuta triga pistoni inakimbia mbele, hewa inabanwa ghafla mpaka inachemka, peleti (kile kijirisasi kidogo cha bunduki ya upepo) inasukumwa. Sasa pistoni ikienda mbele bunduki inarudi nyuma, halafu pistoni inapofika mwisho na kugonga mto wa hewa, bunduki inarushwa mbele, na yote hayo yanatokea wakati peleti bado inajiandaa kutoka au ndio kwanza imetoka. Ndio maana mtu anaepiga vizuri kabisa na bunduki kubwa ya risasi za moto akipewa hii anatawanya matobo kwenye karatasi kama mgeni. Na ndio maana pia skopu (darubini ya kulengea) ya kawaida inakufa kwenye bunduki ya springi, ule mtikisiko wa pande mbili unavunja vioo ndani. Nunua skopu iliyoandikwa wazi kwamba inahimili springi, tena yenye kurekebisha fokasi kuanzia mita 10 hivi, na maunti (vishikio vya skopu) yenye pini ya kuzuia isiteleze nyuma.

Kabla hujashika bisibisi, pima. Tafuta kronografu, kile kifaa cha kupima spidi ya peleti, hata ya kuazima, piga peleti 10 na andika spidi ya kila moja. Uingereza na Wales mpaka wa nguvu kwa bunduki ya upepo isiyo na leseni ni futi-pauni 12, yaani kama joule 16.3. Ukivuka hapo hata kidogo tu unakuwa na silaha ya moto bila cheti, hiyo ni kesi kubwa, haina mjadala wa "sikujua". Scotland unahitaji cheti hata chini ya hapo, tangu mwisho wa 2016. Kwa .177 (upana wa mtutu kwa inchi, .22 ni mpana zaidi) peleti ya gramu 0.547 ikitoka mita 238 kwa sekunde uko karibu futi-pauni 11.4, kwa .22 peleti ya gramu 1.03 ikitoka mita 174 uko 11.5. Hapo ndio pazuri pa kukaa. HW35 kwa asili yake nyingi hazifiki hata hapo, na sungura hajali, kwa umbali wa kuwinda futi-pauni 10 zilizotulia zinatosha kabisa.

Ila angalia zaidi tofauti kati ya spidi ya juu kabisa na ya chini kabisa katika zile 10. Ikiwa ndani ya mita 3 au 4 kwa sekunde bunduki yako ni nzima, pengine huhitaji kuifungua kabisa. Ikiwa inacheza mita 10, kuna kitu.

Anza na vya bure. Kaza skrubu za kwenye mbao, hasa zile mbili za mbele, zinalegea kila mara kwa ajili ya mtikisiko, na nusu ya malalamiko ya "bunduki yangu imeharibika" huwa yanaishia hapo. Weka gundi ya nyuzi za skrubu ile laini ya bluu, tone moja tu. Halafu chana kipande cha tishu, kiweke juu ya maungio ya mtutu, piga (na peleti ndani, usipige kavu, pistoni bila peleti haina cha kuizuia inajipigiza chuma kwa chuma). Tishu ikirushwa, sili ya mtutu (kile kizuia hewa) inavuja. Hiyo sili ni ya bei ndogo, itoe kwa sindano, weka mpya, umemaliza. Kagua pia ndani ya mtutu, vuta kitambaa safi mara chache, wengine wanakuta uchafu wa risasi na grisi ya miaka, wakiusafisha bunduki inazaliwa upya.

Jaribu peleti za aina nyingi kabla ya kulaumu chochote. Kila mtutu una chaguo lake, na hata bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Kichwa cha mviringo ndio cha kuwindia, hizo zenye ncha na vishimo mbele mara nyingi zinapendeza kwenye kopo tu.

Sasa kufungua. Hapa naomba unisikilize: springi imebanwa hata kama bunduki haijakokiwa. Hizi za Weihrauch mwisho wa silinda una kizibo cha nyuzi kama za skrubu, unafungua polepole na nguvu inaachia taratibu. BSA na Diana nyingi zimeshikwa na pini, ukichomoa pini bila kubana kwanza kitu kinaruka na nguvu ya kuvunja uso. Kwa hiyo tumia kibanio cha springi, cha kununua au cha kutengeneza kwa mbao nene na bolti ndefu, na hata kwa Weihrauch mimi nakitumia. Hakikisha haina peleti, haijakokiwa, toa kwenye mbao. Ukichomoa pini mbili za Rekord weka kidole juu ya kitufe cha usalama, maana kina kijispringi chake kinaruka kinapotea chini ya kabati na hutakiona tena.

Ukishaitoa springi izungushe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikiyumba imepinda. Angalia na ncha zake, mara nyingi zimekatwa kiwandani zikaachwa na makali. Chukua msasa wa 600, halafu 1200, sugua uso wa ncha mpaka ukipitisha ukucha haukwami, kwa sababu springi ikibanwa inataka kujizungusha kidogo, na ikikwama inaisokota bunduki yote pembeni mkononi mwako.

Halafu ile sauti. Unapiga, unasikia "tiiing" ndefu kama waya wa gitaa: hiyo ni springi inacheza juu ya gaidi yake (kwa Kiingereza guide), ile fimbo ya ndani. Ya kiwandani kwa kawaida ina nafasi. Dawa ni gaidi ya plastiki ngumu ya Delrin iliyokerezwa kwa kipimo cha springi yako, iwe imebana kiasi kwamba kuiingiza unaisukuma huku unazungusha kuelekea springi inavyofunguka. Weka na kofia ya namna hiyo upande wa pistoni. Hicho kifurushi unaweza kukinunua tayari, au kama unamjua fundi wa kerezo anakutengenezea. Katika yote niliyotaja hapa hakuna kinachobadilisha bunduki kama hiki, mlio unageuka "tup" moja fupi, mkono haurushwi, na skopu inabaki kwenye shabaha.

Kagua nafasi iliyochongwa kwenye silinda ambayo mkono wa kukokia unapita. Pitisha kidole taratibu, kingo zake zina makali, na sili mpya ya pistoni ikipita hapo wakati wa kurudisha inakatwa bila wewe kujua, unafunga kila kitu halafu bunduki haina nguvu. Lainisha kingo kwa tupa ndogo na msasa, futa unga wote wa chuma, na unaporudisha pistoni ingiza midomo ya sili kwa kitu butu cha plastiki.

Grisi, kidogo! Grisi ya molibdeni (ile nyeusi) unapaka ubavu wa pistoni na sehemu zinazosuguana, nyembamba kama losheni unayopaka mikononi asubuhi ya baridi. Kwenye springi weka grisi nzito inayonata, kidogo pia. Mbele ya sili hakuna kitu kabisa. Mafuta yakifika mbele yanawaka kwa ule moto wa hewa, unasikia mlipuko, moshi unatoka mtutuni, spidi inapanda, watu wanafurahi wanadhani bunduki imepona kumbe inakula sili na springi. HW35 za zamani zenye sili ya ngozi ni tofauti, ngozi ikikauka inavuja, inataka tone moja moja la mafuta na kupumzishwa usiku.

Rekord yenyewe iwe imekokiwa kabla hujairudisha. Uzito wa triga punguza kidogo tu kwa skrubu yake, ile skrubu nyingine inayopanga hatua mbili iache kama hujui unachofanya, triga ikiwa nyepesi mno bunduki inaweza kufyatuka wakati unaifunga. Na ukiwa unaweka peleti usiuachie mtutu hata sekunde moja, ushikilie kwa mkono mwingine.

Baada ya hapo piga peleti mia au mia mbili ili sili ikae, halafu rudi kwenye kronografu. Pima na peleti nyepesi pia, bunduki ya springi mara nyingi inatoa nguvu zaidi kwa peleti nyepesi, na polisi wakiipima hawatatumia ile unayopenda wewe. Ikikaribia futi-pauni 12, toa washa (kile kipete bapa) ya kubania springi.

Kushika. Usiibane. Mkono wa mbele uwe wazi, bunduki ikae juu ya kiganja, sehemu ileile kila mara, bega liguse tu. Usiilaze juu ya uzio au jiwe, itaruka. Ukitaka egemeo, weka mkono wako juu ya begi halafu bunduki juu ya mkono. Sifuri yako, yaani umbali ambao peleti inagonga palepale skopu inapoelekea, iweke mita 25. Kwa .177 ukiwa mita 30 peleti inashuka kama sentimita moja, mita 35 tayari tatu. Kwa .22 ni kama mbili na nusu, halafu sita. Na shabaha yako kwa sungura ni ubongo, kati ya jicho na sikio, eneo la sentimita mbili na nusu hivi. Ndio maana nasema mita 30 mwisho, na kama matobo yako ya mita 30 hayaingii kwenye sarafu ya pauni mbili, sogea karibu zaidi au baki kwenye karatasi. Kumjeruhi mnyama akaingia shimoni kufa taratibu, hapana jamani.

Ruhusa ya shamba ipate kwa maandishi. Mwenye shamba ana haki ya kuua sungura tangu sheria ya 1880, na ya 1954 inamtaka awadhibiti, kwa hiyo wengi wanakubali ukienda kistaarabu mchana, bila bunduki. Kuingia shamba la mtu na bunduki bila ruhusa ni kosa, peleti kuvuka mpaka wa shamba ni kosa. Nyumbani ifungie, watoto wasiifikie.

Mwezi wa sita jua linazama saa tatu na ushee usiku, sungura wanatoka kula kando ya vichaka kuanzia kama saa moja jioni. Kaa upepo ukupige usoni, jua liwe mgongoni, tulia, akisimamisha masikio subiri arudi kula. Nyuma yake pawe na udongo. Ukimwona aliyevimba macho, anatembea kama kapotea, huyo ana miksomatosi, ugonjwa uliofika Uingereza 1953. Mpige umpumzishe, usimle.

Aliyekufa mkamue tumbo kuelekea nyuma mkojo utoke, halafu mpasue utoe matumbo mapema, hasa kukiwa na joto, kabla nyama haijashika harufu. Kwa Waislamu, suala la mnyama aliyekufa kwa peleti kabla ya kuchinjwa muulize shekhe wako kabla hujaenda shamba. Sungura pori hana mafuta, kwa hiyo usimkaange kama kuku. Mloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, chana sikio kwa vidole, likichanika kirahisi ni kijana, saa moja na nusu jikoni inatosha. Likigoma huyo mzee, mpe saa mbili na nusu moto mdogo na vitunguu, tangawizi na ndimu, tui zito liingie dakika kumi za mwisho.