Panda Sukuma Wiki Januari, Thelujini, Ndani ya Dumu la Maziwa

Naandika haya nikiwa Walukuba, Jinja, Uganda, nyumbani kwa mama, siku tatu kabla ya kurudi Massachusetts, Marekani. Hapa ni kiangazi. Mama ana jerikani saba za njano alizozikata ubavuni na kuzilaza kando ya ukuta wa jikoni. Zimejaa dodo, yaani mchicha, na jioni anazimwagilia maji aliyooshea mchele. Jana jirani yetu alikuja na mbegu za nakati, mboga ya majani ya jamii ya bilinganya, alizozifunga kwenye kipande cha kavera, mfuko wa plastiki, akaniambia, "Chukua, ukapande huko kwenu." Huko kwetu, kwa picha niliyotumiwa asubuhi ile ile, theluji imefunika ngazi za mlango na koleo limesimama ndani yake lenyewe.

Nilicheka, lakini jirani hakukosea sana. Januari ndiyo mwezi wa kuanza, ila si kwa nakati.

Wengi wetu tunaoishi nchi za baridi tunasubiri Mei. Jua likishatoka vizuri ndipo tunakumbuka bustani, tunakimbilia dukani kununua miche kwa bei inayouma, na mboga za kwanza tunazila Julai. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Oktoba, kwa kuwa nyumbani Oktoba ni mvua na mkono ulishazoea. Niliweka makopo dirishani, ndani ya nyumba yenye joto. Mbegu ziliota baada ya siku tano, nikapiga picha nikamtumia mama. Wiki ya tatu miche ilikuwa mirefu, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, yote imelalia kioo. Wiki ya tano niliitupa.

Joto ilikuwa nalo na maji ilikuwa nayo. Ilichokosa ni mwanga. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatujawahi kuuhesabu mwanga, kwa sababu haubadiliki: jua hutoka kama saa moja kasoro asubuhi na kuzama kama saa moja kasoro jioni, mwaka mzima. Tunachohesabu ni mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba. Ukivuka bahari, hesabu hiyo iache uwanja wa ndege. Tarehe 21 Desemba mchana wa Boston, huko Massachusetts, una saa 9 na dakika chache, wa London haufiki saa 8, na wa Stockholm ni kama saa 6. Mchana ukishuka chini ya saa 10, mboga nyingi zinasimama tu: hazifi, hazikui. Boston inarudi kwenye saa 10 mwanzoni mwa Februari, London katikati ya Februari. Kwa hiyo mbegu unayoiweka nje Januari haina haraka ya kuota. Inasubiri mahali pake, na mwanga ukirudi inaukuta iko tayari.

Hapo ndipo dumu la maziwa linapoingia.

Marekani maziwa huuzwa kwenye madumu ya plastiki ya galoni moja, karibu lita 3.8, yenye mkono wa kushikia na yanayopitisha mwanga kidogo. Uingereza yapo ya lita 2.27, yanafaa vilevile. Walioko Ontario wananunua maziwa kwenye mifuko, na Ujerumani na Sweden mengi huja kwenye boksi za karatasi. Hao watumie chupa kubwa za maji ya kunywa za lita 5. Kinachotakiwa ni plastiki inayopitisha mwanga na yenye kimo cha kutosha udongo wa sentimita 10 na nafasi ya mche juu yake. Jerikani ya njano ya mama haifai kwa kazi hii, inazuia mwanga.

Osha dumu. Pima sentimita 10 kutoka chini, ukate kwa kisu ukilizunguka, lakini usimalize: acha vidole vitatu bila kukata, chini ya mkono, ili nusu ya juu ifunguke na kujifunga kama kifuniko cha sanduku. Kisha toboa matundu sita chini na manne pembeni karibu na kitako, kwa bisibisi au msumari uliopashwa moto, na ukitumia moto fanya hivyo nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Matundu haya usiyafanyie uvivu. Mwaka wangu wa pili nilitoboa mawili madogo, maji yakakwama, na hadi Februari nilikuwa na matofali ya barafu yenye mbegu ndani. Machi yalipoyeyuka ukawa ugali wa tope unaonuka.

Udongo tumia ule wa mifuko unaouzwa kwa ajili ya miche. Udongo wa uani unashikamana dumuni kama matope ya kufyatulia tofali. Ulowanishe kwanza kwenye beseni, ukiukamua utoe tone moja au mawili tu. Jaza sentimita 10, tawanya mbegu, funika kwa udongo wa nusu sentimita, gandamiza kwa kiganja. Funga dumu kwa ule utepe mpana wa kijivu wa mafundi. Kizibo kitupe kabisa, kwa sababu kile kitundu cha juu ndicho mlango wa mvua, theluji na hewa.

Jina la mboga liandike kwa penseli kwenye kipande cha kopo la mtindi, ukichomeke ndani ya udongo. Kalamu ya wino, hata ile inayoitwa ya kudumu, jua linaifuta. Mimi nilikuwa na madumu tisa yasiyo na majina, na miche ya kabichi, brokoli na sukuma wiki ikiwa midogo ni mapacha. Nilipandikiza kwa kubahatisha.

Sasa toa madumu nje. Nje kweli, si kibarazani chini ya bati. Yaweke mahali yanapopata jua na kunyeshewa, upepo usiyapindue, na uyaache. Theluji ikiyafunika, shukuru, ni blanketi. Udongo utaganda, utayeyuka, utaganda tena, na mbegu iliyotulia, isiyoota bado, haidhuriki. Nilipomwonyesha mama picha ya madumu yamezama hadi shingoni, aliikuza kwa vidole, akaitazama kwa muda, akauliza, "Sasa hizo umezipanda au umezizika?" Kwa kweli mpaka mwisho wa Machi jibu hulijui.

Mwisho wa Machi, au mapema zaidi kama uko kusini mwa Uingereza, chungulia. Ukinyanyua dumu na kulikuta jepesi, nyunyiza maji. Miche ikishatoka na mchana una joto, kata utepe ufungue kifuniko asubuhi, ufunge jioni, maana siku moja ya jua kali ndani ya dumu lililofungwa inapika miche ikiwa hai. Ikifikisha majani manne ya kweli, yaani usihesabu yale mawili ya kwanza, ihamishie shambani. Kule kwangu ni mwisho wa Aprili. Haihitaji kuzoeshwa baridi kama miche ya dukani, imezaliwa nayo. Na kama bado una nafasi Septemba, panda sukuma nyingine na usiivune yote kabla ya baridi: ikipigwa na umande wa kuganda inakuwa tamu, kwa sababu jani linageuza wanga kuwa sukari ili lisigande.

Kuhusu mbegu, majina yatakuchanganya kuliko baridi. Sukuma wiki Marekani inaitwa collard, na pakiti yake ni rahisi kwa sababu watu wa majimbo ya kusini wanaila toka zamani. Ureno na kwa Wabrazili, uliza couve. Kale yenye majani ya kujikunja ni ndugu yake, inastahimili baridi zaidi, ila mama yangu hataiita sukuma hata ukimlipa. Halafu "spinachi." Ile spinachi ya soko la Jinja yenye bua jeupe nene, pakiti yake huko imeandikwa Swiss chard. Ukinunua iliyoandikwa spinach utapata kimmea kifupi cha majani madogo, laini, kinachoyeyuka sufuriani, kisha utanilaumu mimi. Zote mbili zinafaa dumuni, pamoja na kabichi, brokoli, vitunguu, letisi na giligilani. Hizi panda Januari na Februari.

Nakati, ntula (nyanya chungu), dodo na saga (mgagani) ni watoto wa jua. Dodo usiisumbue mapema: subiri udongo upate joto, kwa Boston ni mwisho wa Mei, umwage mbegu moja kwa moja ardhini. Itakimbia kuliko magugu, na kwa wengi huko ni magugu. Mbegu zake utazipata madukani kwa Wajamaika kwa jina la callaloo. Nakati na ntula zianzishe ndani ya nyumba mwishoni mwa Machi, kwenye vikombe vya karatasi ya gazeti au ile mirija ya karatasi ngumu inayobaki karatasi ya chooni ikiisha, juu ya friji ambako kuna uvuguvugu. Zikishaota zishushe chini ya taa, taa iwe sentimita chache juu ya majani, saa 14 kwa siku. Dirisha peke yake litakupa uzi wa kushonea, nimeshakueleza.

Kuna mambo ya usalama ambayo nyumbani hatuyafikirii. Mbao za kuokota ni nzuri kwa kutengeneza tuta la kuinuliwa, na zile mbao za kubebea mizigo zinatupwa kila mahali nyuma ya maduka. Tafuta muhuri. Herufi HT maana yake zimetibiwa kwa joto, chukua. MB maana yake zimefukiziwa dawa ya sumu, ziache. Mbao za kijani kutoka uzio wa zamani ziache pia: Marekani, hadi mwisho wa 2003 mbao za majumbani zilikuwa zikitibiwa kwa dawa yenye aseniki. Dirisha kuukuu lililowekwa juu ya fremu ni kitalu kizuri mno, lakini rangi ya nyumba za kabla ya 1978 mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ikibanduka inaingia kwenye udongo. Ndiyo maana hata uani kwa nyumba ya zamani ya mjini nisingepanda mboga za majani kabla ya kupima udongo. Sisi wa Massachusetts tunatuma sampuli kwenye maabara ya udongo ya chuo kikuu cha UMass Amherst. Kwingineko uliza chuo cha kilimo kilicho karibu, au panda kwenye udongo ulionunua.

Mwenye ghorofa na kibaraza tu asikate tamaa, ila gunia la mboga kama la hapa Walukuba alingoje Mei. Unalijua: mkebe usio na kitako unasimamishwa katikati, unajazwa kokoto, udongo unazungushwa pembeni, mkebe unavutwa juu, tena na tena hadi gunia linajaa, kisha unatoboa ubavuni na kuchomeka miche. Maji yanapita kwenye kokoto na kufika chini. Gunia la mchele la kilo 25 linatosha. Wakati wa baridi linaganda kutoka kila upande na mizizi haina pa kukimbilia, tofauti na ardhi inayoganda kutoka juu. Tena likilowa ni zito kweli, muulize mwenye nyumba kibaraza kinabeba kiasi gani. Madumu hayana shida hiyo, yanakaa hata kwenye ngazi za dharura, kama sheria za jengo zinaruhusu, na mara nyingi haziruhusu.

Mboji ya baridi inalala. Maganda ya matoke ambayo hapa mbuzi anayasubiri mlangoni, kule yatakaa kwenye ndoo yenye mfuniko hadi Aprili bila kubadilika sana. Wewe jaza tu. Majani makavu yaokote msimu wa kupukutika, majirani huyaweka barabarani kwenye mifuko kama takataka na wanafurahi ukiyachukua.

Nimerudi kwenye nakati za jirani. Usizifiche kwenye soksi. Marekani, mbegu zisizo na cheti cha afya ya mimea kwa kawaida hunyang'anywa hata ukizitaja kwa maafisa wa forodha, na usipozitaja unaweza kutozwa faini. Umoja wa Ulaya unadai cheti hicho kwa mbegu za kupandwa toka tarehe 14 Desemba 2019, na Uingereza nayo inakitaka. Uganda kinatolewa na wizara ya kilimo, ambayo makao yake ni Entebbe, na mzigo hukaguliwa kwanza, kwa hiyo si jambo la kukumbuka ukiwa kwenye foleni ya mizigo. Anza wiki mbili kabla, na uulize masharti ya nchi unayoingia kwa kila aina ya mbegu.

Mimi sikuanza. Mbegu nimempa mama, naye ameshapasua jerikani ya nane. Mzigoni nina binyebwa (karanga), mukene (dagaa) na chai, na mume wangu nimemtumia ujumbe asitupe madumu. Amejibu kwamba yapo 14, yamejaa nyuma ya mlango, na ameuliza ninarudi lini hasa.