Jinsi ya Kuwaombea Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu Nafasi ya Kujifunza kwa Vitendo

Maombi mengi ya aina hii hukwama kwa sababu barua inaeleza ulemavu wa wanafunzi kwa kirefu, halafu haisemi watafanya kazi gani. Mwenye karakana, bustani au maktaba anataka kujua watakuja wangapi, siku gani, watashika nini na nani atakuwa nao.

Kabla ya kuandika, pitia mpango wa elimu wa kila mwanafunzi uone ni lengo gani linalohitaji mahali pa kazi. Kisha nenda ukapaone mahali penyewe, saa ileile watakayokuwapo. Kelele za mashine za asubuhi huwezi kuzijua ukienda jioni. Pima mlango (kiti cha magurudumu kinahitaji walau sentimita 80), kagua choo, ngazi, njia ya dharura, na kona tulivu ya kupumzikia aliyeelemewa.

Ukiwa hapohapo chagua kazi moja uivunje vipande. Kufungasha mkate, kwa mfano: chukua mfuko, fungua mdomo, ingiza mkate, kunja, bandika lebo, weka kwenye kreti. Mwanafunzi anaweza kuvimudu vyote isipokuwa kufungua mfuko unaonata, kumbe kitambaa chenye maji cha kulowesha vidole kingetosha. Usipouchambua mchakato hivi, siku utakayoambiwa "huyu hawezi" utakosa jibu.

Barua isizidi ukurasa mmoja, na imfikie mwenye mamlaka ya kukubali. Ikiishia mapokezi, hulala hapo. Omba majaribio: wanafunzi 2 au 3, saa 2, mara moja kwa wiki, wiki 6. Taja mwalimu atakayekuwapo muda wote, usafiri, na vifaa vya kinga mtakavyoleta. Usitaje ugonjwa wa mtoto wala usiombe huruma. Andika kinachomsaidia msimamizi: "Anaelewa haraka akioneshwa picha", "Mpe agizo moja, asubiri, ndipo la pili."

Andaa ridhaa ya mzazi, na ridhaa ya kupigwa picha iwe karatasi yake mbali. Mwanafunzi naye aulizwe, kwa maneno, picha au lugha ya alama. Akikataa, mtafutie kazi nyingine. Fomu ya dharura ionyeshe mzio, dawa na namba 2 za simu. Kwa mwenye kifafa, iandikwe wazi kwamba degedege likizidi dakika 5 gari la wagonjwa liitwe. Fomu hiyo abebe mwalimu anayeongozana nao. Ikifungiwa kabatini shuleni haina kazi.

Mkikubaliwa kwa mdomo, msipeleke wanafunzi bado. Hati ya makubaliano itaje muda, kazi zinazoruhusiwa, mashine zisizoguswa, bima ni jukumu la nani, na namna ya kujitoa. Kinachosahaulika zaidi ni jina la msimamizi wa pili: wa kwanza akihamishwa, mpango mzima hufa. Pande zote zisaini, kila mmoja abaki na nakala.

Kila siku ya kazi, andika kila kipande kilifanywaje: peke yake, kwa ishara, kwa kuambiwa, au kwa kushikwa mkono. Wiki ya 5 omba kikao na uende na karatasi hizo, ndizo zitakazobeba ombi la kuongezewa muda. Ukingoja majaribio yaishe, nafasi itakuwa imeshapangiwa shughuli nyingine.