Mwite mbunifu kabla ukuta haujapigwa plasta

Ukiwa unajenga Mombasa, iwe Nyali, Bamburi au Likoni, au unakarabati nyumba ya Mji wa Kale, mbunifu wa mambo ya ndani mtafute kabla nyaya na mabomba hayajaingia ukutani. Hapo ndipo pesa unayomlipa inarudi. Akishajua kitanda kitakaa wapi na feni itaning'inia wapi, soketi na taa zinawekwa mahali pake mara moja. Ukimwita baada ya rangi, karibu kila anachobadilisha ni kuchimba ukuta upya.

Mji wa Kale ndiko nasisitiza zaidi. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi chini ya mita 3, na kuta za mawe ya matumbawe zilipigwa chokaa ili zipumue. Fundi akizifunika kwa saruji, unyevu hubaki ndani na rangi huanza kubabuka. Mtafute mbunifu aliyewahi kushika nyumba za namna hiyo, naye akuulize upepo wa kusi unaingilia dirisha gani kabla hajataja mapazia.

Kama ni kubadilisha rangi na mito tu, usijitwike gharama hiyo; fundi mzuri anatosha. Ukimchukua mbunifu, mtajie bajeti yako yote na mwandikiane malipo: ni ada moja, au asilimia ya gharama ya kazi? Muulize pia kama anapata kamisheni kwenye maduka anayokupeleka.